Kupunguza Uzito wa Gari ya Muzee Openji

Vijana wa garage, mumeniomba niandike kidogo mambo ya kazi "mbele ya kusahau," kabla sijasahau yote. Asante kwa heshima. Najua mulitaka kusema mbele ya kufa, lakini muko na adabu. Basi naandika. Juu ya mishahara sitasema kitu: ilikuwa kidogo na imekwisha. Juu ya vyeo pia hapana. Cheo kikubwa nilipata ni siku mulinipatia kiti chenye mugongo, na siku ile nikajua munataka nikae, nisisumbue watu. Nitawaambia juu ya bulo, zile bolti za kufunga vyuma, na potopoto, matope ya njia zetu, na gari moja yenye ilinifundisha kazi wakati nilifikiri nimekwisha kuijua.

Nilitoka Boga nikiwa kijana, juu ya lori ya ng'ombe, pamoja na ng'ombe wenyewe. Baba yangu alikuwa mufugaji kama babu yake, na alitaka nibakie nyuma ya mikia. Lakini kila lori yenye ilikuja kuchukua ng'ombe kwetu ilikuwa inaharibika palepale karibu na zizi, na mimi nilikuwa nasahau ng'ombe, naingia chini ya lori na dereva ili nione. Ng'ombe waliingia mu mashamba ya watu mara nyingi. Mwishowe baba akachoka. Akasema, "Enda Bunia, ukale vyuma." Nikaenda.

Garage ilikuwa palepale Saio, hapa Bunia, penye munapajua, ila wakati ule nusu ya paa ilikuwa mabati na nusu ingine ilikuwa mbingu. Mwenyewe alikuwa Muzee Openji, mutu wa Mahagi, mukatoliki wa kwenda misa ya kwanza, mwenye mikono mikubwa hata kle ya dix-neuf, spana ya kumi na tisa, ilionekana kama kijiko mu vidole vyake. Kazi aliifunza kwa wazee wenye walitengeneza mashini za muchimbo wa dhahabu kule Kilo. Siku ya kwanza nilifikiri atanipa kle. Akanipa beseni ya bulo za zamani, mazutu, ndiyo dizeli, na burashi ya meno. "Osha," akasema. "Halafu kila bulo uitafutie bibi yake." Bibi ya bulo ni ekru, ile nati ya kuikaza. Nikaosha mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Jioni akazikamata moja moja, akajaribu kuingiza ekru na vidole viwili tu. Yenye iliingia bila nguvu aliiweka pembeni. Yenye ilikataa aliitupa tena mu beseni. "Bulo haitaki nguvu za mwanaume," akaniambia, "inataka usafi." Kesho yake nikarudi ku beseni, na kesho kutwa vilevile.

Wakati ule, kama vile leo, kazi ya gari hapa kwetu ilikuwa kazi ya potopoto. Munajua njia ya Kilo musimu wa mvua. Wakati ule ilikuwa mbaya zaidi, musiseme wazee wanatia chumvi. Mara moja tuliitwa kutoa lori ya mihogo yenye ilizama ku kilima, na tulipofika wenye lori walikuwa wamekwisha kupika na kula nusu ya muzigo. Muzee Openji akavua viatu, akaingia mu potopoto mpaka magoti, akatafuta na miguu yake. Halafu akasema neno lenye nilishika maisha yote: "Potopoto ni kama mutu wa maneno mingi. Chini yake kuna kitu kigumu. Fika kwanza pale." Njo maana siye tunapenda pine za gari, yaani matairi, nyembamba na ndefu, yenye inakata matope kama kisu mpaka inapata udongo mugumu. Njo maana tunapenda uzito, juu uzito unasukuma pine chini. Na njo maana kila gari yenye ilipita mu mikono yetu ilitoka nzito kuliko vile iliingia. Gari nyepesi mu potopoto inaogelea tu, inacheza dansi, halafu inalala.

Desturi moja ya garage, na hii muilinde: kazi ya fundi mwenzako haifunguliwi nyuma ya mugongo wake. Gari ikirudi, na unataka kutoa kitu chenye mwenzako alifunga, unamuita. Yeye mwenyewe njo anafungua bulo ya kwanza, kiisha weye unaendelea. Kama alikwisha kufa, unataja jina lake kwa sauti mbele ya kugusa. Wateja wanatucheka. Wacheke. Fundi akikuta kazi yake imefunguliwa bila yeye, ni kama umemutangaza sokoni kwamba ni mujinga, na garage nyingi za muji huu zimevunjika juu ya hiyo tu.

Sasa gari yenyewe. Ni pikapu ya Kijapani ya zamani, ile yenye taa mbili za mviringo, yenye uso kama mutu amefungua macho kwa kushangaa. Muzee Openji aliinunua imekufa, ikiwa shasi na moteri tu, na kuku walikuwa wanataga mu kabini. Aliijenga polepole, miaka na miaka, saa za jioni kiisha kazi ya wateja. Chini aliongeza lame, vile vyuma vya kupinda vyenye vinabeba gari nyuma na mbele. Gari ilitoka kiwandani na lame za kutosha. Yeye akaongeza, akaongeza tena. Mbele akaifungia kwa bulo kizuizi cha reli za vile vigari vya muchimbo, zenye alibeba kutoka Kilo. Chini ya giaboksi akaweka sahani ya chuma nene. Bomba la kuvuta hewa akalipandisha juu mpaka paa, ili moteri isinywe maji ya muto. Mimi nilikuwa nashika taa na yeye anaunga vyuma, na naweza kusema bila aibu kwamba niliipenda gari ile kama mutu anapenda nyumba yao. Ilienda Mahagi, ilienda Mambasa, ilivuka mito mpaka kwetu Boga, baba yangu akaizunguka mara mingi akasema tu, "Kumbe vyuma vinaliwa kweli."

Macho ya Muzee yalipoanza kuchoka alinipa garage niiendeshe. Gari akaiweka nyuma, juu ya matofali, akaifunika. Lakini yeye mwenyewe hakufunikwa. Kila asubui alikuja, akakaa, akatoa mashauri yenye hakuna mutu aliomba. Mimi nilisema moyoni, nikistaafu siku moja sitafanya vile. Musicheke.

Basi ilikuwa musimu ule wenye nilikuwa nimekwisha kuwatangazia kwamba naacha kazi. Binti yake akaingia garage. Afoyo ni mutoto wake wa mwisho, na ni masera, ndivyo tunaita watawa wa kike, na ni mwuguzi. Ndugu zake wametawanyika, mumoja Kampala, mwingine Kisangani, na mama yao alikwisha kututangulia. Afoyo njo alibaki karibu. Kila siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, kiisha misa, alikuja kula bugali na samaki na baba yake, wawili tu ku meza. Mimi ananiita yaya, kaka mukubwa, juu alinikuta mu nyumba yao siku alizaliwa.

"Baba," akasema, "wakubwa wangu wananituma mu jangwa. Kaskazini ya Kenya, ku dispanseri. Gari ya kule imekufa kabisa. Nipatie yako."

Muzee akatazama nyuma, penye gari ilifunikwa. Halafu akasema, "Chukua. Ni yako." Mimi nikafurahi, nikawaambia ninyi wote: hii njo gari yangu ya mwisho, tuitengeneze vizuri. Muzee akanyanyua kidole. "Lakini jangwa si muchezo. Haiko tayari. Tuiongezee nguvu kwanza."

Mulikuwapo, munajua vile tuliongeza. Moteri tuliifungua yote, pistoni, jointi, radiatere kubwa. Hiyo ilikuwa kazi ya haki. Lakini kila wakati tulipokaribia kumaliza, Muzee alipata kitu kingine. Lame moja tena kila upande. Sahani ingine ya chuma, chini ya tanki. Sanduku ya vyuma ya kuweka minyororo. Mafuta ya akiba juu ya paa. Kiisha akataka tufunge mbele ile winchi kubwa ya mukono yenye inavuta gari na kamba ya chuma, yenye uzito wa ndama. Tukaifunga, tukatoka jasho, tukaifurahia. Afoyo akaja, akaitazama, mikono kiunoni.

"Baba, hii kamba utaifunga ku nini?"

"Ku muti, mutoto wangu. Kama siku zote."

"Kule hakuna muti."

 Wote siye mafundi, watu wazima na midevu yetu, hakuna hata mumoja alikuwa amefikiri kwamba kuna fasi ya dunia yenye haina muti. Muzee akasema tu kwamba hata jangwani lazima kuna kamuti kamoja. Winchi ikabaki.

Siku zikaenda. Mvua ilikuwa inakaribia, na munajua njia ya Mahagi, yenye atapita, ikianza kula magari. Afoyo akauliza lini. Muzee akasema bado. Mimi nikasema, basi tuijaribu, tuende Kasenyi ku ziwa, pale kuna muchanga mingi. Tukateremuka asubui mapema, siye watatu mu kabini, Afoyo akiendesha. Gari ilikuwa inalia kwa uzito ku kila kona, breki zikanuka. Pale chini wavuvi walikuwa wameanika samaki, na watoto wakaanza kutufuata mbele hatujafika.

Afoyo akaingia mu muchanga. Gari ikaenda kidogo, ikapunguza, halafu ikaketi. Naeleza vile niliona: haikuzama kama mu potopoto, na kelele na kuruka. Iliketi tu, polepole, kama mutu mukubwa anakaa ku kitanda. Pine zetu nyembamba zikafanya kazi yao, zikakata, zikatafuta kile kitu kigumu cha chini. Mu muchanga hakuna kitu kigumu cha chini. Kuna muchanga, na chini yake muchanga. Tumbo ya gari ikagusa. Watoto wakapiga makofi.

Na Muzee Openji, wallahi, nilimwona akicheka. Hakukasirika hata kidogo. Akashuka, akanunua samaki wa kuchoma, akakaa ku mutumbwi wenye umepinduliwa. "Munaona?" akasema. "Gari hii haiwezi. Tutaongeza kitu, tutajaribu tena kiisha mvua." Nikamutazama mutu ule mwenye alinifundisha kila kitu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakuwa anatengeneza gari. Alikuwa anaifunga ibaki.

Afoyo akashuka. Akapiga magoti karibu na pine, akafungua valvu, akaanza kutoa upepo. Nikapiga kelele: "Dada, unafanya nini!" Hapa kwetu munajua, mwenye anatembeza gari na pine laini tunamutukana pamoja na ukoo wake. Akaniambia madereva wa kule wote wanafanya hivi. Pine ikilala, ikipanuka, inakanyaga muchanga bila kuukata. Akatoa upepo mu pine zote, mpaka nikageuza uso. Kiisha akaanza kuchimba na mikono, na akiwa anachimba akaanza kusema na baba yake bila kumutazama.

"Mara ile nilienda kutembelea kule, Baba, sikukuambia yote. Tulikuwa na mama mwenye mimba mu gari. Mutoto alikuwa amekaa vibaya. Gari ilikuwa nzito, walikuwa wameipakia kila kitu, kama hii yetu. Ikaketi, kama hivi. Tulichimba na mikono, kama hivi. Dereva alikuwa anaomba Mungu, mimi nilikuwa nashika mukono wa yule mama. Tulichimba mpaka hakukuwa na haja ya kuchimba tena."

 Akaondoa muchanga ingine. "Kwa hiyo sitaki gari ya nguvu, Baba. Nataka gari yenye inapita."

Akaingia, akawasha, akakanyaga taratibu. Gari ikajivuta, ikapanda, ikatoka, ikaenda mbele karibu na maji. Halafu pale penye muchanga ulikuwa laini zaidi ikaketi tena. Uzito ulikuwa bado uko palepale. Watoto na wavuvi wakaja, tukasukuma wote pamoja na kelele, juu kidole kimoja hakivunji chawa, tukaitoa. Muzee hakumaliza samaki yake. Kurudi juu mulimani moteri ililia kwa uzito ku kila kona.

Kesho yake nikajua ni kitu gani cha kufanya. Kupunguza. Kutoa reli za Kilo, sahani, sanduku, winchi, lame zote zenye Muzee aliongeza. Lakini ilikuwa kazi ya Muzee, na Muzee alikuwa hai, na Muzee hakuja garage. Hakuja siku ile wala siku zilizofuata. Mumoja wenu, sitamutaja, akasema tufungue tu, atajua nini na macho yake yale. Nilimufukuza mpaka inje. Kama angefungua bulo moja, leo tusingesalimiana.

Nikaenda nyumbani kwake. Nilimukuta amekaa ku meza, redio inasema peke yake. Nikasema, "Jambo Muzee." Akasema, "Jambo, mutoto wangu." Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya heshima, yenye yanazunguka. Yote yakanipotea, nikamuuliza wazi: "Baba, unaogopa nini?"

Akafikiri namuuliza juu ya gari. Akaanza kusema muchanga, joto, radiatere. Nikamuacha amalize. Nikauliza tena.

Akazima redio. "Nikiangalia ile kiti," akasema, na akaonyesha kiti cha upande wa pili wa meza, "naona siku ya Mungu imefika na hakuna mutu. Njo ile naogopa. Muchanga siogopi. Mama yao alienda, watoto wakubwa walienda, nikasema ni maisha. Huyu mumoja nilisema Mungu ameniachia. Sasa Mungu mwenyewe njo anamuita. Nitamushitaki kwa nani?" Akajipangusa uso na ule mukono wake mukubwa. "Nilikuwa naongeza chuma. Kila siku nilisema, leo nikiongeza hii, wiki hii haendi. Nilijua, Kisembo. Mimi nimekuwa fundi mbele hujazaliwa. Unafikiri sikujua gari ni nzito?"

 Nilimuambia tu ukweli wangu, kwamba mimi pia iliniuma kuondoa vyuma vile, juu kila kimoja nilikishikia taa, na kwamba siku gari ile itatoka, mimi pia kazi yangu itakuwa imekwisha, na sijui nitaamka asubui niende wapi. Tukakaa vile, wazee wawili wenye kuogopa, mumoja muzee zaidi. Kiisha akapika chai. Sukari mingi, kama kawaida.

Asubui yake akaja na kle yake mwenyewe. Mulisimama wote. Hakusalimia mutu. Akaenda moja kwa moja mbele ya gari, akatafuta na vidole bulo ya kwanza ya ule muzigo wa reli, akaipata bila kuangalia, akaweka kle, akavuta. Ilikuwa imekaa pale miaka mingi. Ikakataa. Akavuta tena na mwili wote, ikalia, ikaachia. Nikataka kuendelea mimi, kama desturi inaruhusu. Akakataa. Akafungua ya pili, na ya tatu, na zote. Reli zikaanguka chini, gari ikainuka mbele kidogo, tuliiona sote ikiinuka, kama imepumua.

Tuliendelea mpaka mwisho wa wiki. Yeye aliyeongeza njo alitoa. Lame alizitoa mpaka zikabaki zenye gari ilizaliwa nazo. Sahani, sanduku, minyororo, mapipa ya paa, vyote vikapangwa ku ukuta, na ule ukuta ukaonekana kama gari ya pili. Winchi tuliiacha garage, munaitumia mpaka leo na kuitukana. Kitu kimoja tu cha zamani kilibaki, ni lile bomba la hewa. Muzee alilipandisha ili gari ivuke maji ya mito. Afoyo akasema kule litasaidia moteri isimeze vumbi. Nikaona Muzee amefurahi kidogo, kwamba kitu chake kimoja kitafaa. Pine mupya, pana, tulizitafuta mpaka tukazipata kwa wafanyabiashara wenye wanavuka mupaka, na tulipozifunga, pikapu ile ikaonekana kama mutu wa mashambani amevaa viatu vya mugeni. Nyuma tukaweka kitanda chepesi cha mugonjwa, mitungi ya maji, na sahani mbili nyembamba za chuma zenye matundu, za kuweka chini ya pine, juu kule hakuna magogo ya kukata.

Tukarudi Kasenyi. Muzee akakaa mbele, dirisha wazi. Mwenye alitoa upepo mu pine safari hii alikuwa yeye. Alipiga magoti, akasikiliza upepo unatoka kwa kila pine na kuikandamiza na kidole gumba, na kila mara aliinua kichwa kumuuliza binti yake: hivi? Afoyo akasema kidogo tena. Gari ikaingia mu muchanga, ikapita fasi ya kwanza, ikapita fasi ya pili, ikaenda mbali kwa wavuvi, ikageuka, ikarudi. Watoto walisikitika. Walikuwa wamekuja kusukuma.

Akaondoka mbele ya mvua, na masera mwenzake. Muzee alimubariki, mukono ku kichwa, palepale mu vumbi ya garage, kwa Kialur, lugha ya kwao, na yale maneno sikuyasikia yote na hayakuwa yangu. Halafu akasema anawasindikiza mpaka inje ya muji tu. Alirudi mangaribi juu ya motere, pikipiki ya kulipa, amekamata dereva kwa nguvu, vumbi mpaka kope. Alikuwa amewasindikiza karibu nusu ya njia ya Mahagi. Akashuka, akaniambia, "Inaenda muzuri. Inaenda nyepesi kabisa. Inaniuma na ninafurahi, Kisembo, na sijui ni gani inazidi."

Mimi niliacha kazi juma lililofuata. Na ni hapa nataka munisikilize. Siku moja nitapita garage, najijua, nitakaa ku kile kiti chenye mugongo, nitatazama kazi yenu na kusema ongezeni hii, fungeni ile, bado, bado. Mbele ya kunitii muniulize kwanza, kwa adabu lakini wazi: Muzee, unaogopa nini? Nikikosa jibu, muendelee na kazi yenu.

Mara ya mwisho nilipita, Muzee Openji alikuwapo pia, na simu yangu ikalia. Alikuwa Afoyo. Nikaweka sauti kubwa, ninyi wote mukaacha kazi mukakaribia. Alisema kule watu wanamucheka juu ya Kiswahili yake, na yeye anawacheka juu ya yao. Alisema wiki ile alienda kuchukua mama mumoja mbali, kwa wafugaji wa ngamia, na njia ilikuwa muchanga mutupu. Gari ilianza kuketi. Akatoa upepo, akashusha mizigo yote inje, hata pine ya akiba, ikapita. Mama na mutoto wako wazima. Garage yote ikapiga kelele kama muji umeshinda mupira.

Muzee akaomba simu. Akaishika na mikono yote mbili.

"Punguza tena," akasema. "Kila kitu chenye hauna lazima nacho, toa."

"Nimetoa, Baba. Nimetoa vitu yote." Halafu sauti yake ikabadilika. "Lakini nawaza weye. Siku ya Mungu ikifika, nakula chakula hakishuki, nauliza Baba anakula na nani. Nilitaka kuwaomba wakubwa wanirudishe."

Muzee alikuwa analia, mbele yetu siye wote, bila kujificha. 

"Basi unitoe na mimi, binti yangu. Niko muzito. Unishushe inje, upite."

 Tulisikia upepo wa kule ukipiga, tukajua rezo, mutandao wa simu, haijakatika. Halafu Afoyo akasema, polepole, na Kialur kidogo mbele, kama mutoto:

"Sitaomba wanirudishe. Lakini weye hapana, Baba. Weye ukae palepale. Gari itapita na weye ndani."